Safari Ndefu ya Ndege: Mama Peke Yake na Watoto Wadogo



Siku hizi familia nyingi zimetawanyika kwa sababu ya kazi na masomo. Baba yuko London, mama yuko Nakuru na watoto. Au mama ndiye muuguzi ng'ambo, naye baba amebaki nyumbani kulea. Siku ya kuungana tena inapokaribia, kila mtu hufurahia viza na tikiti. Wachache sana hujiuliza swali hili: je, yule atakayepanda ndege peke yake na watoto wawili wadogo atawashughulisha namna gani usiku kucha, bila yaya wala shangazi wa kumpokea mtoto?

Jambo hili si dogo, wala halimhusu mama peke yake. Mara nyingi mke huwasili akiwa hoi, nguo zimelowa maziwa, kichwa kinamgonga. Anakutana na mume aliyealika marafiki na anayetaka kupiga picha. Mtoto akimwona baba yake anaangua kilio na kujificha nyuma ya mama. Mume anaumia moyoni, mke anaudhika, na maneno ya kwanza baada ya miaka miwili ya kutengana yanakuwa maneno ya lawama. Ndiyo maana tumelileta somo hili katika ukurasa wa ndoa.

Neno la kushika ni moja. Mtoto mdogo hatulizwi na wingi wa vitu vya kuchezea. Hutulizwa na vitu vichache vinavyotolewa kwa zamu, na mzazi ambaye bado ana nguvu za kuvitoa. Kwa hiyo mke na mume wanapoipanga safari, hawana budi kujiuliza mambo mawili: tutagawanyaje saa za mtoto, na tutatunzaje nguvu za yule anayesafiri naye?

1. Hesabu saa zote, si saa za angani tu

Kutoka Nairobi hadi London bila kutua njiani ni muda wa saa 9 hivi. Anayekwenda New York kwa ndege ya moja kwa moja, safari ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, atakaa angani karibu saa 15. Lakini safari ya mtoto haianzi ndege inapopaa. Tuchukue mfano wa mama mwenye binti wa miaka 3 na mvulana wa miezi 18, anayekwenda London kwa ndege ya usiku. Anatoka nyumbani jioni ili awe uwanjani saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Akifika anapanga foleni ya uhamiaji, kisha anangojea mizigo. Ukijumlisha yote, watoto wamekuwa safarini muda wa saa 14 au zaidi.

Sasa ujue kwamba mtoto wa miaka miwili hukaa na mchezo mmoja dakika 5, labda 10, kisha anataka kingine. Hiyo si utundu, ndivyo umri wake ulivyo. Mama anayetoa vitu vyote vya kuchezea pale uwanjani, ndege ikipaa atakuwa mikono mitupu.

2. Mambo ya kupatana kabla ya kulipa tikiti

Kwa kawaida mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hubebwa magotini na hulipiwa nauli ndogo. Aliyetimiza miaka 2 hulipiwa kiti chake. Mtu mzima mmoja huruhusiwa kubeba mtoto mmoja tu magotini. Mtoto akitimiza miaka 2 kabla ya siku ya kurudi, aghalabu hudaiwa kiti wakati wa kurudi.

Hapa ndipo mume na mke wanapaswa kuzungumza kwa upendo. Mume anaweza kusema, "Abebwe tu, tuokoe pesa." Ni kweli pesa ni ngumu. Lakini mvulana wa miezi 18 mwenye kilo 11, akilala juu ya magoti yako saa 9 mfululizo, wewe hulali, wala huli, wala humshughulikii dada yake. Pengine ni afadhali kungoja mwezi mmoja zaidi na kununua kiti cha pili. Pengine haiwezekani. Lakini uamuzi huo ufanywe na wote wawili, ili mke asihisi kwamba mtu mwingine ameamua juu ya mgongo wake.

Ulizeni pia habari za kitanda kidogo cha mtoto kinachotundikwa ukutani mbele ya viti vya kwanza. Ni kwa mtoto mchanga ambaye bado hajawa mzito, na vitanda hivyo ni vichache, kwa hiyo huombwa mapema wakati wa kununua tikiti. Ikiwa nauli haitofautiani sana, ndege ya moja kwa moja ni bora kuliko mbili. Ndege ya usiku nayo ni nzuri, kwa kuwa sehemu ya safari itapita watoto wakiwa wamelala.

Mwisho, mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya idhini kutoka kwa mzazi mwenziwe, iliyoapishwa mbele ya wakili. Maafisa wa uhamiaji wana haki ya kuuliza, na foleni ni mahali pabaya pa kuanza kutafuta karatasi huku mtoto akilia.

3. Mazoezi ya nyumbani

Mtoto wa miaka 3 anaelewa zaidi ya tunavyodhani. Juma moja kabla ya safari, panga viti vya sebuleni kwa mstari mmoja nyuma ya mwingine. Mfunge leso kiunoni iwe mkanda. Mwambie, "Sasa ndege inapaa. Sasa tunakula. Sasa taa zimezimwa, tunalala." Rudia kila jioni. Siku ya safari hatakutana na mambo mageni tu, atakutana na mchezo anaoujua.

4. Mkoba wa mama

Beba mkoba mmoja unaofunguka kwa urahisi, na uuweke chini ya kiti cha mbele. Usiuweke juu, kwa maana huwezi kusimama na mtoto aliyelala mikononi. Weka ndani nepi za kutosha safari yote na za ziada, nguo za kubadilisha za kila mtoto, na blauzi moja yako. Akina mama wengi husahau hiyo blauzi, na mtoto akitapika hutapika juu ya mama. Weka mifuko ya plastiki ya nguo chafu, sweta, vitambaa vya kupangusia, na leso mbili. Ukitoka nchini ambako mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu 2017, tumia ile yenye zipu inayotumika tena, au mfuko wa kitambaa uliotiwa nailoni ndani.

Kuhusu maziwa, tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege huzuia vinywaji vinavyozidi mililita 100 katika mizigo ya mkononi, lakini maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kwa kiasi cha kutosha safari. Vitoe kando na umwambie askari ni vya mtoto. Chakula kiwe kile alichokizoea: chapati iliyokatwa vipande, ndizi, viazi vitamu vilivyopikwa, biskuti zisizo tamu sana. Usimpe mtoto mdogo njugu, bisi, peremende ngumu au zabibu nzima, kwa sababu zinaweza kumkaba koo.

5. Kugawanya saa: kimoja kimoja

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Chagua vitu 8 au 10 vidogo, vyepesi, visivyo na kelele. Vifunge kimoja kimoja katika kipande cha gazeti kuukuu. Kufungua karatasi peke yake ni mchezo. Kisha uvifiche. Kanuni ni hii: kitu kipya hakitoki mpaka cha kwanza kimerudi mkobani. Na kile kilichorudi leo usiku kitakuwa kipya tena kesho alfajiri.

Uwanjani, kabla ya kupanda. Usitoe kitu. Huu ni wakati wa miguu. Waache watembee, wahesabu ndege kupitia kioo, wapande na kushuka ngazi. Mtoto aliyechoka miguu atakaa kitini kwa hiari.

Saa ya kwanza ndani ya ndege. Tumia vilivyomo. Kufunga na kufungua mkanda, kushusha na kupandisha kimeza, kutazama taa za mji dirishani. Ile kadi ya usalama iliyo mfukoni mwa kiti imejaa picha. Ulizana na binti yako, "Huyu anafanya nini? Mlango uko wapi?" Wewe nawe utajifunza milango iko wapi.

Kati ya chakula na usingizi. Sasa toa vile vitu. Vibandiko vya picha, ambavyo hubandikwa kwenye karatasi na kubanduliwa tena. Daftari na kalamu za rangi za nta. Vikombe vya plastiki vinavyoingiana. Kitambaa ambacho fundi wa nguo amekishonea zipu, kifungo kikubwa na mfuko. Chupa tupu na mirija ya kunywea ya kutumbukiza mdomoni mwake, mmoja mmoja. Mvulana wa miezi 18 aweza kutumbukiza na kumimina mara ishirini, naye anaona kila mara ni ajabu mpya.

Leso ni kitu cha thamani kuliko vyote. Ni ya kujificha na kujitokeza. Ikikunjwa inakuwa mtoto wa kubembelezwa na kubebwa mgongoni. Ikifungwa mafundo inakuwa kazi ya kufungua. Na mwisho inakuwa shuka.

Vitu vya kuacha nyumbani ni mpira, kwa maana utabingirika hadi safu ya mwisho, vitu vya kupiga kelele, vitu vyenye vipande vidogo vingi, na chochote chenye betri ndogo ya mviringo. Betri hiyo mtoto akiimeza inaweza kumuunguza ndani vibaya.

Michezo isiyo na mzigo. Vitu vikichosha, una mdomo na vidole. Hesabu vidole kwa kunong'ona. Mwulize binti yako, "Nani amebaki nyumbani?" amtaje bibi, babu, ng'ombe na paka. Mwambie "Hadithi hadithi!" naye aitikie "Hadithi njoo!" kwa sauti ya chini. Tangu zamani wazee wetu waliwatuliza watoto gizani kwa namna hiyo, na taa za ndege zikizimwa, giza ni lilelile.

Taa ya mkanda ikizimika, tembea nao kidogo kwenye njia hadi nyuma na kurudi. Iwe kila baada ya saa moja hivi kwa mtoto aliye macho.

Simu na filamu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame filamu kwenye kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asipitishe saa moja kwa siku. Kwa hiyo usianze na simu. Iweke akiba ya saa zile za mwisho ambapo wewe umeishiwa kabisa. Pakua katuni mbili tatu kabla ya kutoka nyumbani, na beba visikizio vidogo vya watoto, ili jirani asilazimike kusikiliza naye.

6. Masikio, usingizi na dawa

Hewa ndani ya ndege hupunguzwa mpaka inafanana na ya mahali pa juu kama Nyahururu. Aliyetoka Nairobi haoni tofauti kubwa wakati wa kupaa. Ni wakati wa kushuka London, penye kimo karibu sawa na bahari, ndipo masikio huuma. Mtu mzima humeza mate yakafunguka. Mtoto hajui, naye aliyelala humeza kidogo sana. Kwa hiyo ndege ikianza kushuka, yapata nusu saa kabla ya kutua, waamshe polepole. Mdogo anyonye titi au chupa, mkubwa anywe maji kwa mrija. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya safari.

Hewa hiyo pia ni kavu sana. Wape maji mara kwa mara, kidogo kidogo.

Kuhusu usingizi, fuata desturi ya nyumbani: wabadilishe nguo za kulalia, wapanguse uso, imba ule wimbo wa kila usiku. Mwili wa mtoto unaisoma ratiba hiyo hata angani.

Wako watu watakaokushauri umpe mtoto dawa ya mafua ili alale. Usikubali. Dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto mdogo katika kupumua, na watoto wengine badala ya kulala huchachawa zaidi. Hapo utakuwa na mtoto aliyechangamka kupita kiasi na saa 7 zilizobaki.

7. Mtoto akilia

Atalia. Usimwage vitu vyote mbele yake kwa hofu ya macho ya watu. Pitia haya kwa utaratibu: njaa, kiu, nepi, joto, masikio, usingizi. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizo. Ukikosa, mkumbatie, usimame, utembee naye. Waliokaa karibu nawe hawatakumbuka kilio hicho baada ya wiki moja. Mtoto anaihitaji sauti yako tulivu sasa hivi.

Wala usione haya kuomba msaada. Ukitaka kwenda msalani, mwambie mhudumu wa ndege akuangalilie aliyelala. Salimia jirani mapema, kabla ya shida kutokea. Mtu aliyekwisha kusalimiwa ni mwepesi wa kusaidia. Usikubali kikombe cha chai moto ukiwa na mtoto magotini. Omba iletwe baadaye, au ya uvuguvugu. Kula chakula chako, nao wakilala, lala nawe. Usiwe macho kupanga mkoba. Kabla ya ndege kupaa, wahudumu hufundisha kwamba barakoa za hewa zikishuka, mtu mzima avae yake kwanza, ndipo amvalishe mtoto. Sababu ni wazi: mzazi aliyezimia hawezi kumwokoa mtoto.

8. Sehemu ya baba anayengoja

Baba mpendwa, hata ukiwa mbali kilomita maelfu, una kazi katika safari hii.

Kwanza, kabla hawajaondoka, rekodi sauti yako ukisimulia hadithi fupi mbili tatu, ukiwataja watoto kwa majina, kisha uzitume kwenye simu ya mama. Naye atengeneze kijitabu cha picha zako: ukiwa kazini, ukipika, ukiwa mlangoni mwa nyumba watakayoingia. Picha hizo na sauti hiyo ni michezo bora ya saa za mwisho. Mvulana aliyezaliwa ukiwa ng'ambo atakuwa amekujua kidogo kabla ya kukuona.

Pili, uwanjani nenda na makoti, kwa kuwa anayetoka Nairobi hana koti la Januari ya Uingereza. Mkumbatie mkeo kwanza. Pokea mizigo. Mtoto usimnyakue. Chuchumaa uwe kimo chake, umwoneshe kitu kidogo, ungoje aje mwenyewe. Akilia, usiseme, "Mama yake amemfundisha kunikataa." Anakuona kama mgeni, na mgeni huzoewa. Baada ya siku chache atakuwa mabegani mwako.

Tatu, siku ya kwanza usialike watu. Pika chakula chepesi, tandika kitanda, umwache mkeo alale.

Nne, kumbuka saa. Wakati wa baridi London iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3, na wakati wa kiangazi kwa saa 2. Mtoto aliyezoea kuamka saa 12 asubuhi Nairobi, mwezi wa Januari ataamka saa 9 usiku huko London, akiwa macho makavu, anataka uji. Kwa siku chache zamu hiyo ni yako. Amka, washa taa ndogo, mpe uji, cheza naye kwa leso ileile. Mama amekwisha kukesha usiku wake.

Maswali ya kujadiliana mke na mume

1. Katika safari yetu ijayo, ni saa ngapi kamili watoto watakuwa nje ya nyumba, na nani atakuwa nao?

2. Je, tumeamua pamoja juu ya kiti cha mdogo, au mmoja wetu ameamua na mwingine amenyamaza?

3. Ni vitu gani 8 vilivyomo nyumbani tayari vinavyoweza kuingia mkobani bila kununua kipya?

4. Baba amerekodi hadithi ngapi?

5. Siku ya kuwasili, nani atalala na nani atakesha?

Jibuni haya juma hili, mkiwa mezani au kwenye simu, kabla ya kufunga masanduku.